Sufuria Isiyorudi Jikoni

Siku ya mnada, mama akishatoka na mbuzi wake,
baba aliitwaa sufuria ndogo, ile iliyokatika mpini,
akazunguka nayo nyuma ya tembe
kama mtu anayeiba kwake mwenyewe.

Mkaa wa mgunga. Mimi na mfuniko wa ndoo, napepea.
Ndahani, miaka minne,
amechuchumaa katikati ya magoti ya baba.

Risasi tuliinunua kwa kilo, gereji za Majengo:
vipande vinavyobanwa kwenye rimu gurudumu lisiyumbe,
matumbo ya betri za lori, meupe kwa chumvi ya tindikali,
na mkebe wa mabaki kutoka kwa fundi redio,
hayo ya kuikaza, alisema baba, isiwe laini kama ulimi.

Kwanza haikubali.
Inakaa tu, ya kijivu, kama mgeni aliyenuna.
Halafu inalegea pembeni,
na ghafla sufuria nzima ni jicho.

Akadondosha kipande cha mshumaa wa kanisani.
Moshi ukatupanda wote watatu, hakuna aliyesogea.
Taka zikaja juu, akazienguaengua kwa kijiko
vilevile mama anavyoengua povu la maharage.
"Tone moja la maji tu, na huyu atakurukia usoni."
Alisema *huyu*. Hakusema *hii*.

Kalibu aliipaka masizi ya koroboi, akaipasha moto,
akamimina bila kusita.
Ukisita, goroli hutoka na mikunjo
kama paji la uso la bibi yangu wa Handali,
nayo hurudi sufuriani.
"Hapa haharibiki mtu," alicheka. "Kuna wa kurudiwa."

Ta! Kalibu ikafumbuka.
Ta! Juu ya gunia, moja, nyingine,
zinang'aa upya kuliko kitu chochote nyumbani kwetu.
Nilihesabu thelathini na moja.
Zilikuwa thelathini na mbili:
Ndahani alikuwa nayo moja mdomoni.
"Tamu," akasema.
Tukacheka mpaka baba akakohoa.

Gobore lilikuwa na kibali, lina namba, lilikaguliwa.
Mwaka ule, akilinda uwele, alifyatua mara nne.
Nguruwe pori mmoja.
Mara tatu aliua giza.

Lakini Jumamosi zilikuwa nyingi.

Likaanza tumbo, tukasema ni mlenda uliolala.
Ikaja hasira isiyokuwa yake.
Kisha mkono wa kuume ukavunjika nguvu kifundoni,
ukaning'inia kama jani la mtama mvua ikikataa Januari,
na yule asiyesita kumimina
akawa hawezi kufunga kifungo cha shati.
Ndahani alifika miaka sita
maneno yake bado yanatosha kwenye kiganja.

Mvumi, hospitali, daktari kijana mwenye karatasi.
Akainua mdomo wa baba wa juu, akatuonyesha fizi:
mstari wa buluu, mwembamba, kama wa daftari.
"Mzee ana risasi mwilini. Na mtoto pia."

Mama akasimama. Kanga ikamdondoka begani.
"Nani kawapiga?"

Daktari akafungua mdomo, akafumba.
Alilitafuta neno jingine, nikamwona akilitafuta
ukutani, dirishani, kwenye viatu vyake.
Madini yale na kinachotoka mtutuni
kwetu ni jina moja, na yeye alikuwa wa kwetu.

Baba tulimzika mwaka wa mavuno mazuri.
Gobore lilirudi polisi, nikasaini mimi.
Sufuria mama aliifunika juu ya paa la tembe,
akaiwekea jiwe, kuku wasije wakanywea.
Ipo. Mvua huipigapiga, na hakuna anayeuliza.

Kalibu ninayo sandukuni, chini ya vyeti.
Sijui kwa nini.
Niliifungua mwezi uliopita, niitie mafuta, imeanza kutu.
Ta!
Ndahani, mwanaume wa ndevu sasa, alikuwa uani na mbuzi.
Akageuka.
Akaja mpaka mlangoni,
akanikingia kiganja.